Gundi Isiyozinduliwa

Wizara ilitangaza, mbele ya kamera na vipaza sauti, kwamba kuanzia siku ile hakuna ugunduzi utakaohesabika kuwa umegunduliwa mpaka utepe ukatwe. Hoja yake ilikuwa nyoofu, haina pa kuikamata. Utafiti unalipiwa na umma. Umma una haki ya kuona ulicholipia. Na umma hauoni kitu mpaka Mheshimiwa Waziri asimame mbele yake na mkasi. Kwa hiyo, waraka ulisema, dawa, mbegu, mashine, kimiminika au wazo lolote lililopatikana kwa fedha za umma na ambalo bado halijazinduliwa, kisheria halipo.

Watafiti wa Taasisi waliposomewa waraka huo walitazamana tu. Mtu mmoja aliuelewa papo hapo, akaomba usomwe tena kwa raha zake. Huyo alikuwa Afisa Itifaki, ambaye Taasisi nzima ilimwita Bwana Utepe.

Bwana Utepe hakuwa mtu wa masihara. Ndiye aliyejua nani anakalia kochi na nani anakalia kiti cha plastiki, nani anapewa maji ya chupa na nani aambiwe yamekwisha. Waraka ulipofika alivua koti akaingia kazini. Hadubini mpya ilifunikwa kitambaa ikisubiri siku yake, na watafiti wakaendelea na ile ya zamani, ambayo ilionyesha vizuri kwa jicho la kushoto peke yake. Mlango wa maabara mpya ulifungwa utepe mwekundu kwa upana wake wote, na kwa kuwa ndani kulikuwa na kazi za watu, watafiti walipita chini yake wakiwa wameinama. Bwana Utepe mwenyewe aliwafundisha kuinama kwa adabu. Panya wa majaribio nao walizinduliwa, kwa hafla ndogo na utepe mwembamba uliolingana na maumbile yao. Mmoja aliutafuna kabla ya hotuba, akaondolewa kwenye utafiti kwa utovu wa nidhamu.

Sasa, katika Taasisi hiyo kulikuwa na gundi.

Ilikuwa kazi ya Daktari, mama mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, mkuu wa kitengo cha vidonda. Miaka na miaka alikuwa akihangaika na hamira, hii hii ya maandazi, akiibembeleza iache tabia yake ya kuumua unga na badala yake itoe protini ya aina fulani. Hamira ilikuja kukubali. Protini ile ikichanganywa na dawa nyingine inakuwa gundi laini kama ute wa yai. Ukiipaka kwenye kidonda sugu inashika, inazuia vijidudu, na nyama mpya inapata pa kuanzia. Ilijaribiwa kwa panya, ikajaribiwa kwa wagonjwa waliokubali kwa hiari yao, kamati ya maadili ikaridhika, mamlaka ya dawa ikagonga muhuri. Kilichobaki ni utepe. Chupa zikakaa kwenye jokofu, jokofu likapigwa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa Bwana Utepe.

Nyumbani kwa Bwana Utepe nako kulikuwa na mama yake mzazi, mgonjwa wa sukari, na kidonda cha kisigino kilichogoma kufunga. Hospitali walimwambia bila kuzunguka: kliniki ijayo, kama kidonda hakijaanza kufunga, mguu utakatwa. Bwana Utepe alikuwepo chumbani aliposikia. Alitoka nje akajifanya anapokea simu, akalia akiwa ameishikilia sikioni.

Jioni moja alikuwa amepiga magoti anamsafisha kile kidonda, mama akamuuliza.

"Hiyo gundi yenu inasemwa inatibu vidonda vya hivi?"

"Itatibu, mama. Kwa sasa kisheria haipo."

"Haipo vipi, na ufunguo unao wewe?"

"Ufunguo ninao. Gundi ndiyo haipo."

Mama akauvuta mguu wake. "Shule nilikupeleka mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," akasema mama, akageukia ukutani.

Kesho yake Daktari alimfuata ofisini, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama yako anakwenda kukatwa mguu kwa ajili ya kitambaa."

"Si kitambaa, Daktari. Ni satini."

"Nipe ufunguo. Wewe angalia dirishani kidogo, basi."

Bwana Utepe aliushika ufunguo mfukoni mpaka ukapata joto. Hapa msimcheke. Alikuwa anampenda mama yake kuliko kitu chochote, na kwa waraka ule alikuwa na imani ya kweli, na vitu hivyo viwili vilikuwa vinamvuta kila kimoja upande wake.

"Korido nzima imejaa watu wenye vidonda," akasema. "Kila siku nawaambia haipo. Nikimpa mama yangu, nitawaambia nini wao?"

Daktari alitoka, akapita chini ya utepe bila adabu yoyote.

Basi Bwana Utepe akaanza kuisumbua ofisi ya Waziri ili siku ipatikane. Kwanza Mheshimiwa alikuwa anazindua daraja. Halafu alikuwa anazindua ukarabati wa daraja lilelile. Halafu akasafiri nje, na ujumbe mzito nyuma yake, kwenda kujifunza jinsi wenzetu wanavyozindua. Aliporudi akazindua ripoti ya safari. Bwana Utepe alipiga simu mpaka katibu muhtasi wa Waziri akaanza kumwita shemeji. Mwisho wa yote siku ikatolewa, nayo ikaangukia mkesha wa kliniki ya mama.

Maelekezo ya wizara yalitaka wanufaika wachache wenye vidonda vinavyoonekana vizuri kwenye kamera, wapangwe kwenye viti ubavuni. Yalitaka pia bibi mmoja mwenye sura ya huruma akae meza kuu, jirani na Mheshimiwa, kwa ajili ya picha. Bwana Utepe aliona haya kumtaja mama yake. Daktari ndiye aliyemtaja.

Siku ilipofika, hema lilikuwa la bluu na maua ya plastiki yalioshwa. Meza kuu walikaa Mheshimiwa Waziri, Mkurugenzi wa Taasisi, wenyeviti wa bodi zote zinazojulikana na mbili zisizojulikana, na mwishoni mama, mguu wake umeinuliwa juu ya kigoda. Mbele yao kasha la chupa za gundi, na mbele ya kasha utepe. Mkasi Bwana Utepe aliupeleka mwenyewe kwa fundi ukanolewa, maana kwenye uzinduzi uliopita ulikuwa umeutafuna utepe badala ya kuukata, na Mheshimiwa alinuna mpaka kwenye chakula.

Mheshimiwa akainuka. Akaushika utepe kwa mkono wa kushoto, mkasi kwa wa kulia, akakunja uso wa kitaifa.

"Mheshimiwa, tazama huku," akasema mpiga picha.

Mheshimiwa, ambaye kwenye kazi yote ya uzinduzi hakuwahi kutazama kitu kingine isipokuwa kamera, akatazama huko, akatabasamu, akakata.

Wageni wakapiga makofi. Utepe ulikuwa mzima. Kilichokatwa ni kidole cha Mheshimiwa.

Damu haikuwa nyingi, lakini ilikuwa ya Waziri. Mkurugenzi aliiona akaketi chini. Mwenyekiti wa bodi mojawapo akaomba watu watulie, na watu walikuwa wametulia. Mheshimiwa alikishika kidole chake akawa mweupe midomo.

"Nipakeni," akasema. "Si gundi ya vidonda hiyo? Nipakeni."

Daktari alikwisha nyoosha mkono kwenye kasha. Bwana Utepe akasimama katikati.

"Daktari," akasema taratibu, "utepe."

Wote wakautazama utepe. Ulikuwa unaning'inia pale na tone moja jekundu, mzima kabisa.

"Wewe ni nani?" akauliza Mheshimiwa.

"Afisa Itifaki, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa waraka wako, gundi hii haipo."

"Haipo vipi na ninaiona?"

"Hata mimi naiona, Mheshimiwa. Nimeiona muda mrefu." Akanyoosha mkono kuelekea mwisho wa meza. "Mama yangu mzazi huyo hapo, kesho anakatwa mguu. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia haipo. Siwezi kukwambia wewe ipo."

Mheshimiwa akatazama damu inayochuruzika kidoleni.

"Basi mtu aukate huo utepe haraka," akasema Mheshimiwa.

"Anakata mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi ni mimi, na mkono ndio huu!"

"Waraka umeliona hilo, Mheshimiwa. Mgeni rasmi akipatwa na dharura, anakata aliye mkubwa kwa umri kwenye meza kuu."

Mkurugenzi akainuka kutoka chini. Alikuwa na mvi kichwa kizima na wajukuu waliokwisha oa.

"Mkubwa hapa ni mimi," akasema.

"Samahani, Mkurugenzi," akasema Bwana Utepe. "Kwenye kumbukumbu za utumishi wewe ni kijana."

Ilikuwa kweli. Mkurugenzi alikwisha jipunguzia miaka mara kadhaa ili asistaafu, na kwa hesabu rasmi alizaliwa baada ya mdogo wake wa mwisho. Akawatazama wenyeviti wa bodi. Wenyeviti wakatazama maua ya plastiki. Hapakuwa na mmoja pale mezani ambaye hakuwa kijana, na kukiri uzee mbele ya kamera maana yake kesho unakabidhi gari. Heri kidole cha Waziri kitoke damu.

"Mimi umri wangu ninao wote," akasema mama kutoka pembeni.

Daktari akamshika mkono, Bwana Utepe akamshika wa pili. Mama akachechemea mpaka mbele, akaupokea mkasi, akautazama utepe na si kamera, akaukata. Makofi yakapigwa mara ya pili, safari hii na watu waliokaa ubavuni.

Mheshimiwa akanyoosha kidole kumwelekea Daktari.

"Bado, Mheshimiwa," akasema Bwana Utepe. "Baada ya utepe ni hotuba ya aliyekata."

Mheshimiwa akafumba macho. Yeye mwenyewe, alipokuwa akikata, alikuwa akihutubia mpaka watoto wa shule wanaanguka.

Kipaza sauti kikasogezwa. Mama akakiangalia.

"Mimi hotuba sina," akasema. "Nina mguu."

Akaketi. Daktari alipiga magoti, akafungua bandeji, akavunja muhuri wa chupa ya kwanza. Bwana Utepe alimshika mama bega. Gundi ilikwenda kwenye kidonda polepole, ikakaa. Mama alisema ni ya baridi. Mwanawe alilia pale pale mbele ya meza kuu, bila simu.

"Na mimi?" akauliza Mheshimiwa.

"Wewe kwenye shughuli hii ni mgeni, Mheshimiwa. Gundi ni ya wanufaika." Bwana Utepe alijifuta uso, akafikiri kwa haki kabisa. "Ukitaka kuwa mnufaika hakuna kikwazo. Foleni inaanzia pale."

Akampeleka. Viti vya ubavuni vilikuwa vya plastiki na vyote vilikuwa na watu, wengine miguu imefungwa, wengine mikono. Kiti kimoja kikaletwa, kikawekwa mwisho kabisa, jua lilipokuwa linaingia. Waziri wa nchi akaketi, kidole juu.

Aliyekaa mbele yake alikuwa seremala mwenye kiganja kilichofungwa matambara. Akasogeza kiti chake kidogo ili Mheshimiwa apate kivuli.

"Mmekuwa hapa tangu lini?" akauliza Mheshimiwa kwa sauti ya chini.

"Muda sasa," akasema seremala. "Tulikuwa tunakungoja wewe."