Malalamiko Kuhusu Duara la Panya

Kwako Mhariri wa jarida la utafiti wa dawa za Kichina, kwa heshima,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile picha yenu ya mwenendo wa utafiti wa homa ya mafua, mimi ndiye niliyeichapa nikaibandika jikoni kwetu hapa Ibra. Wote wanadhani imeletwa na chuo. Nimemaliza skuli, nimepata nafasi ya kusomea ufamasia katika chuo cha Nizwa, nikataka kujitayarisha. Sasa Bibi yangu haniachi niende, na sababu ni nyinyi.

1. Katika picha kila duara lina neno ndani yake, na duara kubwa maana yake neno hilo limetajwa sana katika tafiti. Hamkuandika popote kwamba duara si kijiko. Bibi ameichukua kuwa ni mapishi: urukususu, ule mzizi mtamu, duara kubwa, kijiko cha pilau; mdalasini, duara dogo, kijiko cha chai.

2. Kuna duara la panya. Najua ni panya wa maabara. Bibi aliuliza mbele ya wageni kama anatiwa mzima au anakatwa. Mimi nina haya. Nilipopata sauti, jirani yetu Bi Ghaniya alikuwa ameshaahidi kumuulizia panya huyo katika soko la mifugo la Sinaw.

3. Mstari wa idadi ya tafiti unapanda kila mwaka, na Bibi anapanda nao. Tulianza kunywa dawa hiyo kwa kikombe, tukaingia bakuli, sasa ni sufuria la harusi.

4. Kila Jumatano wanawake wakitoka sokoni huja kwetu, nami husimama kuwasomea maduara. Nikitaja Nizwa, Bibi husema, "Nenda, mwanangu. Lakini sisi nani atatusomea?" Basi nakaa.

Kwa hivyo naomba maprofesa wapumzike mwaka mmoja, mstari ushuke, maduara yalingane, na panya aondolewe bila kuvunjiwa heshima.

Wasalimie maprofesa, watoto wao na wagonjwa wao. Hapa sote tumepona, hata Bi Ghaniya ambaye hakuumwa.

Wako mtiifu, mwenye afya kupita kiasi,
Wijdan

Tanbihi: Shangazi Fawziya amenikuta nafunga bahasha, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe Bibi anajua tangu siku ya kwanza kwamba duara si kijiko. Sanduku langu la safari ameshalinunua, liko uvunguni kwake. Alimwambia shangazi, "Mtoto huyu hajapata kusema mbele ya watu watatu. Mwache asome mpaka koo lizibuke, ndipo aende." Basi nafuta malalamiko yote. Nileteeni picha mpya kabla ya Jumatano, yenye maneno mengi zaidi, na tafadhali, Bibi asijue kwamba najua.