Siku Nilijaribu Kitanda ya Mutoto Mbele ya Assistante

Bandugu, leo haya imenikula muzima. Muikale, niwaelezee mbele jirani aanze kuwaelezea na chumvi yake.

Munajua mimi na bibi yangu Nsimire tumeomba kulea mutoto kwa njia ya sheria. Affaires Sociales, ile biro ya serikali ya mambo ya familia, tribinali, kila kitu. Leo assistante sociale, mufanyakazi wa ile biro, alikuwa anakuya kuona kama nyumba yetu inafaa mutoto, na kwa mara ya kwanza alikuwa anatuletea Ansima mwenyewe, mutoto wa miaka tatu, aone kwetu. Kama assistante haridhiki, dosye yetu, makaratasi yote ya maombi, inalala. Nsimire aliamkia ku rozari. Mimi nilikuwa sawa kabisa! (Mutu anafundisha fizike, ataogopa ziara?)

Bakafika. Assistante, Maman Clémentine, ni mama wa miwani, anaongea polepole kama padri anaungamisha batu. Ansima alijificha nyuma ya kikwembe, ile kitenge Maman Clémentine alijifunga. Nsimire akamupa biskuti. Akaikamata, hakuikula. Nikamuchezea sura ya nyani. Akaniangalia kama vile mimi njo niko na shida.

Tukaingia mu chumba tuliyomutayarishia Ansima.

"Papa, hii kitanda iko nguvu?" Maman Clémentine akauliza.

"Maman, niliichora mimi mwenyewe! Fundi wa mbao wa mtaa ya Kadutu akaitengeneza. Inaweza beba hata mutu muzima."

"Kweli?"

Ile "kweli" njo iliniuza. Nikavua viatu.

"Papa, haina lazima…"

"Hapana, maman, muone tu!"

Nikapanda. Kitanda haikulia hata kidogo! Nikajikunja, magoti ku kidevu, nikafunga macho, nikajifanya nakoroma. (Na hii tumbo yangu munayoijua.) Nikasema basi, demonstrasyo imeisha. Nikataka kutoka.

Muguu moja ilikuwa imepita kati ya mbao za pembeni. Goti ikakatala kurudi.

Nsimire akavuta mukono moja. Maman Clémentine akaweka saki yake ya mukono chini, akavuta ingine.

"Utulie, Papa! Usisukume!" Maman Clémentine akaniambia.

Nikasukuma. Tukasikia kitu inapasuka, paaa! Nikafurahi: mbao imevunjika, niko huru! Haikuwa mbao. Ilikuwa suruali. Na ndani nilivaa kaleso, chupi yenye picha za mananasi, zawadi ya shemeji yangu. Maman Clémentine akageuka haraka, akaanza kuangalia dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. (Hakuwa analia.)

Nsimire akaita jirani, Tonton Deo. Akakuya na musumeno na telefone. Alianza na telefone.

Njo pale Ansima akatoka nyuma ya kikwembe. Akakaribia kitanda polepole. Akanitazama kati ya mbao, sura yangu jasho tupu. Akavunja biskuti yake, akanisukumia kipande mu kinywa.

"Usilie, papa," akasema. "Batakutoa mule."

Kutoka asubuhi hakuwa amesema hata neno moja. Hata Tonton Deo akashusha telefone. Nsimire akatoka mbio kuenda jikoni, na nikisikiliza kutoka mule kitanda, sikujua kama anacheka ao analia. Mimi nilitafuna tu. Kinywa ilikuwa imejaa, na macho pia.

Deo akakata mbao. Nikatoka nikiwa nimefungwa shuka mu kiuno kama mutu anatoka kuoga mu Ziwa Kivu.

Ku mulango, Maman Clémentine akapangusa miwani.

"Papa, nimeona ile nilikuya kuona. Wiki ingine nitarudi naye. Mutengeneze ile mbao. Na wewe, tafazali, usilale tena mule."

Ansima akanipungia mukono mupaka ku kona ya njia.

Basi, fundisho: wakikuuliza kama kitanda iko nguvu, sema "ndiyo" na ubakie umesimama. Na musinicheke sana. Mutu anakaribia kuwa papa wa mutu, iko na heshima yake.