Jitu la Bati la Kagongwa

Jumatano, 3 Julai
Asanteni, Wajapani! Jirani yangu Safiya amenionyesha kwenye simu katuni yao ya zamani, isiyo na rangi, ya televisheni za kabla sijazaliwa. Jitu la chuma, refu kama mnara wa simu, na mtoto analiendesha kwa rimoti! Nimesinzia kabla ya mwisho, lakini nimeelewa yote.

Saba Saba ngoma yetu inashindana na ya Pantaleo. Mwaka jana alijivika chatu shingoni, watu wote wakahamia kwake, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wenzangu wameshasema tukishindwa tena mimi si manju wao, ngoma ataiongoza mwimbaji wetu Klara. Mimi! Niliyewatungia nyimbo zote!

Alhamisi, 4 Julai
Mungu ambariki mke wangu Noela. Ameuliza mara moja tu bati za jikoni zimekwenda wapi. Nikamwambia kiangazi hiki mvua itoke wapi. Akaendelea kusonga ugali juani.

Fundi Bujiku amezikunja bure. Jitu limefika usawa wa paa! Ndani anaingia Jilala, mrefu wetu. Macho ni tochi, kwa hiyo haoni kitu. Si hoja. Rimoti yetu ni ngoma: ikilia anaifuata, ikinyamaza anasimama. Akili hii sijui nimeitoa wapi.

Jumapili, 7 Julai
Jitu lilipotoka, uwanja ulilipuka. Nililia kwa furaha. Ndipo Pantaleo naye akaanza kupiga, kama kila mwaka, vikundi viwili kwa pamoja. Ngoma zake ni kubwa kuliko zetu. Jilala akasita. Akageuka. Akaenda kwake, na umati wote nyuma yake! Niliita mpaka sauti ikakauka. Akajikwaa kwenye boksi la chatu, akaanguka kifudifudi.

Pantaleo akanyamazisha ngoma zake, akashika mkasi wa bati mwenyewe kumtoa Jilala, akimpa pole. Mzima, jasho tu. Katika ukimya ule Klara akaanzisha wimbo wa manju aliyefuga jitu likahamia kwa jirani. Watu wakacheka, wakarudi kwetu, wakabaki hadi jioni. Tumeshinda!

Umanju wakampa Klara. Kakataa! Amesema kuimba ataimba, ila vituko vya kuimba anavitoa kwangu, nibaki palepale. Nimeshukuru. Pantaleo nimempelekea jogoo.

Jumatatu, 8 Julai
Nimekwenda kwa Safiya kumalizia katuni. Kumbe mwishoni adui anaiba rimoti! Wangeniambia mapema. Safiya akanionyesha nyingine. Jitu linaruka, moto unatoka miguuni! Mwakani Pantaleo atatukoma.

Nimemsimulia Noela. Amebeba mtungi wa gesi, ameingia nao chumbani, amefunga mlango.