Fatwa ya Fundi wa Mabomba

Jameni, leo nimetoa fatwa. Mimi Barasa. Mzee wa kanisa.

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Mnajua mimi ni fundi wa mabomba hapa Kibomet. Msikiti mmoja wa Kitale mjini ulinipa kazi. Yale maji watu wanatawadha nayo kabla ya swala yalikuwa yanamwagika tu kwa mtaro. Mikono, uso, miguu, kisha yanaenda zake. Kamati ikasema hiyo ni hasara. Nikawachimbia shimo la kuyakusanya, nikaweka pampu, nikajenga chujio la kokoto, mchanga na makaa. Sasa yanapanda kwa tangi, yanaenda vyooni na kwa shamba la sukuma wiki nyuma ya msikiti. Sukuma hiyo imenona mpaka inatia aibu sukuma ya mke wangu.

Leo wageni walikuwa wanatoka Bungoma kuja kuiona kazi. Wakiipenda, kazi ya msikiti wao pia ni yangu. Sijalala vizuri wiki nzima. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya maelezo mbele ya kioo. (Mke wangu amenipata mara mbili. Hakuuliza.)

Nilifika mapema na ovaroli mpya, imepigwa pasi. Nikazunguka, kila kitu kiko sawa. Isipokuwa kiungo kimoja cha bomba la pampu kilikuwa kinadondosha tone. Tone, bana! Mtu mwenye akili angeliwacha.

Nikachukua spana nikakaza. Nikakaza tena kidogo, kwa sababu ya wageni.

Kiungo kikapasuka.

Maji yale hayakuwa yamefika kwa chujio bado. Nawaomba mwelewe hiyo sentensi polepole. Yalinipata usoni mdomo ukiwa wazi, maana nilikuwa nimeanza kusema "Ai!" Nikazima pampu, kisha kwa hofu nikafunga kila valvu niliyoiona. Kila kitu kinachofungika ndani ya chumba cha pampu, nilikifunga. Halafu nikabadilisha kiungo, pampu ikawa sawa, nikajipongeza.

Mzee Athumani, anayetunza msikiti, akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Fundi, utapokea wageni hivyo?"

"Sina nguo nyingine, mzee."

Akaniletea ndoo ya maji safi na sabuni. Kisha akaniletea kanzu yake. Na kofia, ati baridi ya Kitale haichezi na kichwa kilicholowa. Ovaroli nikaianika kwa ua. Nikabaki na kanzu, kofia na gambuti zangu za mpira.

Nikajiangalia kwa dirisha. Kusema ukweli, nilipendeza.

Mzee Athumani akaenda kutayarisha kipaza sauti, na wageni wakafika kabla hajarudi. Kiongozi wao alikuwa mzee wa ndevu nyeupe anaitwa Mzee Swaleh. Akanijia moja kwa moja, mikono yote miwili mbele.

"Assalaam aleikum, shekhe."

"Waaleikum salaam," nikajibu. Jirani zangu ni Waislamu, salamu ninaijua. Hapo ndipo ningesema, "Mzee, mimi si shekhe." Sikusema. Lilinikaa vizuri, hilo neno. Kanisani hakuna mtu ameniita chochote kwa heshima namna hiyo.

Akaenda kwa mifereji ya udhu, akafungua wa kwanza. Mkavu. Wa pili. Mkavu. Akarudi.

"Shekhe, hakuna maji hapa. Lakini nimeona mfereji mwingine kule kwa sukuma. Hayo maji yanafaa?"

Sasa nieleweni. Mimi nilisikia ameuliza kuhusu kazi yangu. Nimengoja hilo swali wiki nzima!

"Yanafaa!" nikasema. "Mzee, hayo yamepita kwa kokoto, yamepita kwa mchanga, yamepita kwa makaa. Ni safi kuliko ya mto."

"Hakuna shaka?"

"Hakuna hata kidogo. Nasema mbele ya Mungu."

Akageukia wenzake. "Shekhe amesema yanafaa." Wote wakatikisa kichwa wakaenda. Mimi nikaenda kuangalia kama ovaroli imekauka, nikitabasamu kama mtu amepata kazi Bungoma.

Ovaroli ilikuwa bado mbichi. Niliporudi, ujumbe mzima wa Bungoma ulikuwa umechuchumaa katikati ya sukuma. Wamekunja mikono ya kanzu. Wananawa uso. Mzee Swaleh alikuwa anasukutua. Anasukutua vizuri kabisa, kichwa juu, kwa maji ambayo watu wa jana walioshea miguu.

Nikafungua mdomo nipige kelele. Papo hapo adhana ikaanza kwa kipaza sauti. Sauti yangu haikufika hata kwa masikio yangu mwenyewe. Nikainua mikono yote miwili juu nikapunga, wakome, waache!

Wakaniona. Wakainua mikono yao pia.

"Amin," wakasema.

Adhana ilipokwisha, Maalim Idrisa, ambaye ndiye imamu, akatokea pembeni. Akasimama.

"Ndugu zangu, mbona mnatawadhia kwa sukuma?"

"Shekhe wenu ametuambia maji haya yanafaa," akasema Mzee Swaleh.

"Shekhe gani?"

Wote wakanionyesha kwa kidole. Maalim akaniangalia. Aliangalia kofia, akashuka na kanzu, akafika kwa gambuti, akapanda tena.

"Huyu ni Barasa," akasema. "Ni fundi wa mabomba. Ni mzee wa kanisa."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwa ndevu za Mzee Swaleh.

"Kanisa gani?" akaniuliza.

Nikamtajia. Sijui ni kwa nini nilifikiri ingesaidia.

Maalim akaeleza kwa upole kwamba kamati ilikubaliana maji haya ni ya vyoo na mboga, ya udhu ni yale ya mifereji ya mbele. Kwa hivyo watawadhe upya.

"Mifereji ya mbele ni mikavu," Mzee Swaleh akasema.

Wote wakaniangalia tena.

Nikakimbia kufungua valvu. Hakuna mtu aliwahi kuniambia kwamba kanzu haikimbiwi. Nilianguka kwa sukuma, nikaamka, nikaendelea. Swala ya Ijumaa ilichelewa kuanza, na wote walijua ni kosa la nani.

Nikajificha chumba cha pampu. Hotuba ilikuwa ya ujirani mwema, lakini katikati Maalim akatua. "Mambo ya bomba muulizeni fundi," akasema kwa kipaza sauti. "Mambo ya dini waulizeni wenye dini. Na fundi, tunampenda, lakini akumbuke yeye ni yupi kati ya hao." Nikasikia msikiti mzima unajizuia kucheka, kisha unashindwa. Simu ikatetema. Mke wangu, anayeuza viazi sokoni ng'ambo ya barabara: "Huyo fundi ni wewe?"

Nikazima simu.

Baada ya swala Mzee Swaleh akaniita. Nikaenda nimevaa ovaroli mbichi, tayari kuomba msamaha.

"Fundi," akasema, "hayo maji yako nimeyasukutua. Hayana harufu, hayana ladha. Nimeona kazi kuliko vile ungenionyesha. Utakuja lini Bungoma?"

Nikafungua mdomo kutaja siku, akainua kidole.

"Lakini kuna sharti. Ukiulizwa swali lolote lisilo la bomba, sema 'sijui'. Unaweza?"

Nikasema nitajaribu.

Nimefika nyumbani jioni. Mke wangu amekaa mlangoni, mikono kifuani, ananiuliza kama huo ujinga ni wa kuzaliwa nao ama nilisomea.

Nimemwambia sijui.