Kamati ya Kurudisha Tabasamu Motulahi

"Wananchi wote wa kisiwa cha Motulahi, mliopo na mlioko safarini, mnatangaziwa kwamba kuanzia leo tabasamu ni suala la serikali."

Aliyesoma tangazo hilo ni Bwana Penisimani Lolohea, Ofisa wa Wilaya, akiwa amesimama kwenye ngazi za ukumbi, koti jeusi juu, mkeka wa heshima umefungwa kiunoni, na jasho linamtiririka kwa uzito wa dhamana. Alipomaliza ukurasa wa kwanza alisubiri watu wapige makofi. Jogoo wa mchungaji akawika. Penisimani akaliona hilo kuwa mwanzo mzuri, akaendelea na kurasa zilizobaki.

Chanzo cha yote kilikuwa mtoto mmoja, Lupe, binti wa Kalolaine. Alizaliwa mdomo wa juu umepasuka mpaka puani, na kaakaa nalo lina ufa. Kila alipolishwa, nusu ya maziwa yalirudi kwa njia ya pua. Mama yake alimnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, asubuhi mpaka jioni, na bado mtoto alikuwa mwepesi kama kifaranga. Madaktari wa kujitolea kutoka Australia walikuwa wamefika mji mkuu, Nuku'alofa, kama wafikavyo mara moja kila mwaka, na wanashona watoto bure. Kilichotakiwa ni nauli ya meli ya Alhamisi kwa mama, mtoto na nesi, pamoja na maziwa ya kutosha huko mpaka jeraha lipone. Wakiikosa meli hiyo, mpaka mwakani. Na Nesi Makelesi, mwanamke asiyependa kutisha watu, alikuwa amesema waziwazi kwamba mtoto huyu hana uzito wa kusubiri mwakani.

"Jambo lenyewe dogo tu, Bwana Ofisa," nesi alimwambia Penisimani ofisini. "Kalolaine ni mchezaji mzuri. Tumpake mafuta ya nazi, acheze, watu wambandike noti mwilini kama tulivyozoea. Jioni moja tu, nauli imepatikana."

Penisimani alimtazama kwa huruma ile ya mtu aliyesoma akimtazama mwenzake aliyeshindwa mtihani. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Lupe, tena sana, maana mama yake Lupe alikuwa binamu yake. Lakini aliamini kwa moyo wake wote kwamba jambo lisiloundiwa kamati halijatokea, na akitokea mtu akaliona, basi huyo mtu amekosea kuona.

"Nesi," alisema, "mambo ya kitaalamu hayaendeshwi hivyo. Njoo kesho."

Njoo kesho ndilo lilikuwa jibu la ofisi hiyo kwa kila mtu na kila jambo. Kuna mzee aliyeomba kibali cha kuchimba kisima, akaambiwa njoo kesho mpaka mvua ikamjazia mapipa, akasahau kisima.

Safari hii, hata hivyo, kesho ilifika kweli, na ilifika na Kamati ya Kurudisha Tabasamu. Mwenyekiti, Penisimani. Katibu, karani wake Kelepi, kijana wa miaka hamsini na miwili. Kelepi alibeba ubao wa shule mpaka ukumbini akaandika makadirio ya mradi. Juu kabisa palikuwa na gharama ya bango. Likafuata fungu la fulana za wanakamati, kisha nguruwe wa ufunguzi, nguruwe wa kufungia, posho ya vikao, chai ya kupatia mawazo, na safari ya ndege ya Mwenyekiti kwenda mji mkuu ili kuratibu tabasamu katika ngazi ya taifa. Chini kabisa, pale vumbi la chaki linapodondokea, Kelepi alibana maneno mawili: nauli, maziwa.

"Peni," sauti ilisikika kutoka mlangoni.

Penisimani alisimama. Alisimama upesi kuliko anavyosimama wimbo wa taifa ukipigwa. Aliyeingia alikuwa Shangazi Fapiola, dada wa marehemu baba yake na bibi mzaa mama wa Lupe. Na kwetu Motulahi mtu anaweza kuwa ofisa, anaweza kuwa hakimu, anaweza kuwa na gari lenye bendera. Mbele ya shangazi yake bado ni mtoto aliyekojoa kitandani. Shangazi akikuomba shati, unavua. Akikunyang'anya sahani, unashukuru na kumwongezea mchuzi. Nguruwe wa ufunguzi, kwa kweli, alikuwa wa Fapiola mwenyewe. Alimleta auzwe kwa ajili ya nauli. Kamati ikampokea kwa shukrani, ikamla.

"Nani kakwambia mjukuu wangu hatabasamu?" Fapiola aliuliza huku akilitazama jina la Kamati ubaoni.

"Shangazi, jina la mradi lilipitishwa kwa kauli moja..."

"Mtoto anacheka kutwa huyu. Akiona kuku anacheka, akiona ndoo anacheka. Tabasamu analo, tena la kugawa. Maziwa ndiyo hayapiti. Andika hapo, Kamati ya Kupitisha Maziwa."

"Jina hilo halivutii wafadhili, Shangazi."

"Wafadhili gani? Si ni sisi hawahawa?"

Penisimani alikohoa. Alimwahidi kwamba hoja yake itaingizwa kwenye kumbukumbu, na Fapiola akaondoka akitikisa kichwa, kama mtu aliyekwisha kupanga lake.

Jumatano alasiri kisiwa kizima kilijaa ukumbini. Viazi vikuu vilikuwa vimetolewa kwenye tanuri la chini ya ardhi, wazee wamekalia kava, kinywaji chao cha mizizi, pembeni, na Kalolaine amevaa majani na maua, tayari. Ni hapo Kelepi alipopanda jukwaani kusoma Kanuni za Uendeshaji wa Ngoma.

Kanuni ya kwanza ilipiga marufuku mafuta ya nazi. Mwaka uliotangulia, noti za mchango wa kanisa zilifika benki zikiwa zimelowa mafuta, zikashikamana kama ndugu wanaopendana, na mashine ya kuhesabia ikagoma. Aibu hiyo haikutakiwa kujirudia. Badala ya mafuta, noti zitabandikwa kwa selotepu ya ofisi, kipande kimoja kwa noti moja, kitakachokatwa na katibu. Kanuni ya pili ilikataza watu kukimbilia jukwaani wakishangilia; watapanga foleni. Na ya tatu, ambayo Penisimani aliitunga mwenyewe na kuionea fahari, ilisema kwamba mchezaji hataondoka jukwaani mpaka lengo la ubaoni litimie, ili kudhibiti uzembe. Akizidiwa, atapokewa na ndugu yake wa damu pekee.

Ngoma ikaanza. Kalolaine alicheza vizuri mno. Mikono yake ilipinda taratibu, kichwa kinaitikia, miguu haionekani kama inagusa chini. Siku nyingine watu wangepiga mayowe, wangekimbilia kumbandika noti mabegani mpaka asionekane ngozi. Siku hiyo walisimama foleni. Kelepi alikata selotepu. Ikamganda kidoleni. Akakata nyingine. Mtu wa kwanza akabandika noti yake, jasho la Kalolaine likaibandua, noti ikaanguka, upepo wa dirishani ukaichukua, mwenye noti akaikimbiza, akatolewa kwenye foleni kwa kuvunja kanuni ya pili.

"Bwana Ofisa, hii haishiki!" mtu alipaza sauti.

"Utekelezaji una changamoto za awali," Penisimani alijibu.

Foleni ikapoa. Waliochoka kusubiri wakarudi kwenye kava. Kalolaine alicheza wimbo baada ya wimbo, mpaka uso ukaanza kumpauka, na mezani palikuwa na pesa ambazo hazijatosha hata bango. Mapajani mwa Fapiola, Lupe akaanza kulia. Kilikuwa kilio kidogo, chembamba, cha mtoto asiye na nguvu ya kulia kwa muda mrefu. Saa ya kijiko ilikuwa imefika, na mwenye ustadi wa kijiko hicho alikuwa mama yake peke yake.

Kalolaine akasimama. "Kaka Peni, niruhusu nikamlishe mtoto."

Penisimani aliona watu wote wanamtazama. Alitaka kusema nenda. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini kanuni ni kanuni, na hii alikuwa ameitunga mwenyewe.

"Lengo bado, dada," alisema, na sauti yake haikumpendeza hata yeye.

Shangazi Fapiola akainuka polepole. Akampa Nesi Makelesi mtoto, akatoa kichupa cha mafuta ya nazi ndani ya mkoba wake, akapanda jukwaani.

"Kelepi, nisomee ile ya tatu."

Kelepi akasoma.

"Ndugu wa damu, si ndiyo? Kalolaine, shuka ukamlishe mwanao. Peni, vua koti."

"Shangazi..."

"Vua."

"Shangazi, sheria inakataza mwanamume kukaa kifua wazi hadharani."

"Hapa si hadharani, hapa ni ngomani. Na shati je, nilivue mimi?"

Koti likavuliwa, shati likafuata. Kitambi cha serikali kikaonekana kwa mara ya kwanza na wananchi.

"Kuna marufuku ya mafuta," Penisimani alinong'ona, maji yamemfika shingoni.

"Mimi sioni marufuku. Naona mtoto wa kaka yangu," alisema Fapiola, akammiminia kichupa chote mabegani. Halafu akawageukia wapiga ngoma. "Haya!"

Penisimani akacheza. Sitasema alicheza vizuri. Mikono ilikwenda huku, kiuno kule, na kichwa kilionekana kusubiri maelekezo kutoka makao makuu. Wazee waliacha vikombe vya kava. Na kutoka mapajani mwa Kalolaine, kati ya kijiko na kijiko, kikasikika kicheko. Lupe alikuwa amemwona. Alicheka kwa mdomo wake wote uliopasuka, akirusharusha miguu, na kicheko kile kilivunja foleni kabisa.

Watu walimiminika. Yule mzee wa kisima alikuwa wa kwanza. Alimbandika noti kwenye paji la uso kwa kiganja kizima. "Hii ya kibali changu!"

"Na hii ya leseni ya mbwa!"

"Shika, hii ya siku ulipofunga ofisi kwa ajili ya kikao cha kufungua ofisi!"

Noti ziligandia kifuani, mgongoni, mashavuni. Lakini lengo la ubaoni lilikuwa refu, na pumzi ya Ofisa fupi. Baada ya nyimbo mbili akaanza kubaki nyuma ya ngoma.

"Bandikeni, ndugu zangu!" alisihi. "Bado kiasi gani, Kelepi?"

"Bado sana, Bwana Ofisa. Hatujamaliza nguruwe."

"Bandikeni jamani!"

"Njoo kesho, Ofisa!" ukumbi mzima ulimjibu kwa pamoja, na watu wakaangukiana kwa kucheka.

Penisimani alimtazama shangazi yake. Fapiola alikuwa amekaa chini, mguu juu ya mguu, anajipepea. Basi akafanya jambo ambalo hakuna ofisa wa Motulahi aliyewahi kulifanya akiwa na akili zake timamu.

"Kelepi! Futa nguruwe wote wawili!"

Chaki ikafutwa. Akazunguka mara moja.

"Futa fulana! Futa chai!"

"Na posho ya vikao, Bwana Mwenyekiti?" Kelepi aliuliza kwa huzuni, maana na yeye alikuwa mjumbe.

"Futa!"

"Imebaki safari yako ya ndege. Na bango."

Hapo Penisimani alisita, mguu mmoja hewani. Alikuwa amekwisha kuandaa hotuba ya uwanja wa ndege. Akaangalia chini, akamwona Kalolaine ameinama juu ya mtoto, anapangusa maziwa puani kwa ncha ya kitambaa, ananyanyua kijiko tena. Tone. Anapangusa. Tone.

"Futa vyote," alisema, kwa sauti ambayo safari hii ilimpendeza. "Bakiza ile ya chini."

Kelepi akafuta. Ubaoni yakabaki maneno mawili, na yalikuwa yametimia zamani. Penisimani akaanguka chini kama gunia la viazi, na Nesi Makelesi akaanza kumbandua noti.

Meli ya Alhamisi ilimchukua Lupe, mama yake na nesi, na madaktari wakamshona. Benki, nasikia, ililalamika tena kuhusu mafuta; lakini nauli ilikuwa imekwisha kulipwa, na mwenye meli hana mashine.

Siku waliporudi, Penisimani alivaa koti lake akaenda bandarini kumpokea mtoto kiserikali. Nesi Makelesi alimkimbilia kabla hajafika, akamzuia kwa mikono miwili.

"Samahani, Bwana Ofisa. Huruhusiwi kumkaribia."

"Mimi? Mwenyekiti wa Kamati ya Kurudisha Tabasamu?"

"Ndiyo maana. Kidonda bado kibichi, na mtoto akikuona anacheka mpaka anatetemeka. Kaa mbali naye mpaka kikauke."

Akakaa mbali. Kanisani alijificha nyuma ya nguzo, njiani alikata kona, na mara moja alionekana amechuchumaa nyuma ya mgomba wa jirani, koti na mkeka na vyote, mpaka Kalolaine apite.

Nesi alipomruhusu, Fapiola mwenyewe ndiye aliyemleta Lupe ofisini, amebeba kikombe. Mtoto alikuwa amenenepa. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda kubwa, ndipo akainua macho akamwona Ofisa nyuma ya meza. Akaangua kicheko. Maziwa yote yakaruka, yakalilowesha koti jeusi kuanzia kola mpaka vifungo.

Penisimani aliinama, akamtazama mtoto pua kwa pua. Akachunguza kwa makini. Pua ilikuwa kavu.

"Kelepi," aliita, "andika kwenye kumbukumbu za kikao. Yametoka mdomoni."

"Hakuna kikao leo, Bwana Ofisa."

"Andika hivyohivyo," alisema, na wala hakulipangusa koti.