Keria ya Mama Mkwe

Wananchi wote wa Masasi na Newala walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la ofisi, kwamba kuanzia tarehe mosi giza la nyuma ya baiskeli limekomeshwa rasmi. Kila baiskeli ingefungwa taa nyekundu kwenye keria yake, na taa hiyo ingewaka saa zote, mchana na usiku, kwa sababu, kama tangazo lilivyofafanua, giza haliji kwa miadi.

Aliyeandika tangazo hilo ni Bwana Ladislaus, mzaliwa wa Lupaso, mtu mwenye koti moja zuri na kalamu tatu mfukoni. Mlango wa ofisi yake pale Masasi uliandikwa: KAIMU MRATIBU WA MWANGAZA WA NYUMA. Yote yaliyoandikwa hapo aliyapenda isipokuwa neno la kwanza.

Alikuwa amekaimu kwa miaka kumi na moja. Binti yake Stella alizaliwa baba akiwa Kaimu, akaanza shule baba akiwa Kaimu, na siku mwalimu alipomuuliza kazi ya baba yake ni nini, alijibu, "Kukaimu." Mwalimu akamwekea vema. Ladislaus aliposimuliwa hayo alicheka mbele za watu, kisha akaingia chumbani na kukaa kitandani muda mrefu bila kuvua viatu. Iliuma.

Sasa nafasi ilikuwa imejitokeza. Mgeni rasmi kutoka mkoani angekuja Newala kuuzindua waraka wa taa. Waraka ukimpendeza, neno Kaimu lingefutwa. Usipompendeza, au mwandishi wake akichelewa kufika, lingebaki mpaka kustaafu. Mgeni rasmi huyo alijulikana kwa kuchukia wachelewaji kuliko wezi.

Kwa hiyo kazi ilifanywa kwa kina. Warsha ya kwanza ilikaa Newala, na wananchi wakafundishwa kufunga taa kwa hatua saba, ya kwanza ikiwa kuitambua keria. Hatua zilipoisha, Nurdini akanyoosha mkono. Huyu ni mtu wa kuteka maji bondeni na kuyapandisha mjini kwa baiskeli, madumu manne kila safari, na mapaja yake yanaonyesha.

"Shikamoo, Baba Stella."

"Marahaba. Hapa warshani niite Mheshimiwa Mratibu."

"Sawa, Baba Stella. Mimi taa nimeshafunga kama mlivyofundisha. Nati mbili, washa mbili za kukazia, katikati kabisa ya keria. Inawaka vizuri mno. Ila nikishapakia madumu haionekani."

"Madumu unayapakia wapi?"

"Kwenye keria."

"Kwa nini?"

Nurdini akawatazama wenzake, kisha akajibu kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa, "Ndiyo kazi yake, Baba Stella."

Ladislaus akaliandika jambo hilo kwenye daftari chini ya kichwa cha habari Changamoto Zilizojitokeza. Mtu mmoja wa nyuma akapendekeza taa ifungwe kwenye dumu lenyewe kwa mpira wa tyubu, mambo yaishe. Ladislaus alimsikitikia. Waraka ulisema keria. Dumu si keria. Leo ukikubali dumu, kesho utakubali nini?

Alijifungia siku mbili, akatoka na Waraka Nyongeza Namba Moja. Ulisema hivi: mzigo wowote unaoziba taa utafungiwa juu yake keria ya ziada, na taa itahamishiwa kwenye keria hiyo.

Mafundi wa kuchomelea hawajawahi kuipenda serikali kama mwezi ule. Gunia la korosho lilipita na keria yake juu. Godoro lilipita na keria yake juu. Mbuzi mmoja aliyepakiwa kwenye baiskeli kutoka Lupaso kwenda mnadani alifungiwa keria mgongoni, akaonekana vizuri kutoka mbali, hadi alipogeuza shingo na kutafuna waya. Taarifa ya utekelezaji ilimhesabu mbuzi huyo kama mafanikio ya awali.

Warsha ya pili, Nurdini akanyoosha mkono tena.

"Na mtu je, Baba Stella?"

"Mtu gani?"

"Mama mkwe wangu, Bi Sijaona. Kila siku ya soko mimi ndiye ninayempeleka."

"Anakaa wapi?"

"Hapo hapo kwenye keria."

"Basi ni mzigo."

"Mama mkwe?" Nurdini alishusha sauti, maana neno lenyewe lilimwogopesha hata kulisikia. "Baba Stella, hebu jamani. Mama mkwe wangu ni mzigo?"

"Waraka hauna mkwe, Nurdini. Chochote kinachokaa kwenye keria ni mzigo. Andikeni hilo."

Wakaliandika. Nurdini, ambaye ni mtu wa kutii, akaenda kwa fundi na kuagiza keria ndogo ya nondo nyembamba, yenye mikanda miwili ya kuvaliwa mabegani kama mkoba wa shule. Chuma kinachogusa mgongo alikifunika sponji, na juu ya sponji akashonesha kipande cha kanga mpya. Aliifanya kwa heshima zote. Bi Sijaona aliivaa mara moja tu. Walipofika sokoni, taa ikiwaka nyekundu mgongoni na watoto kumi na wawili wakiwafuata, aliteremka, akaivua, akamkabidhi mkwewe mikononi, akarudi kwake kwa miguu. Kwa wiki tatu zilizofuata hakukanyaga kwa Nurdini, na mke wa Nurdini alipika chakula kimya kimya.

Hayo yote hayakumfikia Ladislaus, ambaye wakati huo alikuwa akiupamba waraka. Aliona unahitaji kifungu chenye ukali kidogo, cha kumfurahisha mgeni rasmi. Ndipo kikazaliwa Kifungu cha Saba: hakuna chombo chochote kitakachovuka kizuizi bila taa ya nyuma inayowaka, hata kama kimembeba mkubwa.

"Hata wewe, Mkuu?" aliuliza Getrude, kifungu kiliposomwa warshani. Huyu alikuwa karani mpya, yuko kwenye majaribio ya miezi sita, na ndiye aliyepangiwa kusimamia kizuizi cha kuingilia Newala.

"Hasa mimi," alisema Ladislaus. "Na ukinipitisha, kazi huna."

Watu wakapiga makofi. Makofi yale yalimwingia vizuri, akarudia maneno hayo hayo katika warsha tatu zaidi.

Siku nne kabla ya uzinduzi, dereva wa ofisi, Cecil, aliingia na fomu mkononi.

"Mkuu, gari letu halina taa za nyuma."

"Zote?"

"Moja iliungua mwaka jana. Ya pili imeungua juzi. Nahitaji balbu mbili. Hii hapa fomu, saini tu."

Ladislaus aliisoma fomu mbele na nyuma. "Inasema isainiwe na Mratibu."

"Si ndiye wewe?"

"Mimi ni Kaimu, Cecil. Kaimu hasaini balbu. Ipeleke mkoani."

Fomu ikapelekwa mkoani, na mkoani ikapokelewa.

Asubuhi ya uzinduzi, uwanda wa juu wote ulikuwa umefunikwa na ukungu, ule wa Newala unaolowesha kola. Gari lilipanda mwinuko polepole. Ladislaus alikaa nyuma na koti lake, akikariri hotuba. Saa tatu na nusu walifika kizuizini, kilomita nne kabla ya uwanja wa uzinduzi, na uzinduzi ulipangwa kuanza saa nne kamili. Getrude alikuwa amesimama kando ya mti mrefu uliokatiza barabara, amevaa fulana inayong'aa iliyomzidi ukubwa. Alilizunguka gari, akainama nyuma, akarudi dirishani.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Getrude. Fungua."

"Taa za nyuma haziwaki, Mkuu."

"Najua. Fomu iko mkoani."

"Kifungu cha Saba, Mkuu."

"Getrude, mimi ndiye niliyekiandika Kifungu cha Saba."

"Ndiyo, Mkuu. Kimekaa vizuri sana." Mkono wake haukuondoka kwenye mti. "Ulisema nikikupitisha, kazi sina. Ulisema mara nne. Nina mama anayenitegemea, Mkuu."

Ladislaus alitaka kukasirika, lakini katikati ya hasira akagundua kwamba huyu ndiye mtumishi wa kwanza katika miaka kumi na moja kutekeleza waraka wake neno kwa neno. Ilikuwa vigumu kumfokea mtu wa namna hiyo. Akateremka kutafuta bodaboda. Hapakuwa na hata moja, kwani pikipiki zote za Newala zilikuwa zimegawiwa mafuta na kwenda kumsindikiza mgeni rasmi. Kwa miguu angefika saa nne na robo, akiwa na matope hadi magotini, na kubaki Kaimu mpaka siku ya kuzikwa.

Ndipo taa ndogo nyekundu ikapita pembeni yake kwenye ukungu. Ilikuwa ya Nurdini. Keria yake ilikuwa tupu, na kwenye usukani alikuwa ametundika kile chuma cha mikanda miwili. Alikuwa akikipeleka kwa fundi kikatwe na kugeuzwa jiko la mkaa, pengine zawadi ya jiko ingemlainisha mama mkwe.

"Nurdini! Ndugu yangu!"

"Shikamoo, Baba Stella."

Safari hii Baba Stella hakumsahihisha. Alipanda kwenye keria, akakusanya pindo za koti, akamwambia akanyage. Baiskeli ikasogea hatua tatu. Getrude akanyoosha mkono.

"Simama. Mzigo unaziba taa."

"Mzigo gani?" aliuliza Ladislaus, akigeuka kutazama nyuma yake.

Cecil aliangalia matairi ya gari. Nurdini alishuka bila haraka, akatundua ile keria kwenye usukani, akakung'uta umande kwenye sponji.

"Ni ya mama mkwe," alisema. "Imevaliwa mara moja tu. Ingiza mkono wa kulia kwanza."

"Nurdini, mimi ni kiongozi."

"Waraka hauna kiongozi, Baba Stella. Chochote kinachokaa kwenye keria. Nimeandika."

Saa tatu na dakika arobaini. Ladislaus aliingiza mkono wa kulia. Nurdini alihamisha taa, akakaza nati mbili na washa mbili, katikati kabisa, akaiwasha. Getrude alirudi nyuma hatua kumi, akaangalia, akainua mti na kupiga saluti.

Walifika saa nne kasoro dakika mbili. Mgeni rasmi alikuwa ameketi meza kuu, na safu ya mbele walikaa wazee wa mji, Bi Sijaona akiwa miongoni mwao, uso umefungwa. Lango la uwanja lilikuwa upande wa pili, kwa hiyo Nurdini hakuwa na njia ila kuambaa mbele ya umati wote. Watu waliona kwanza madumu hayapo. Kisha wakaona koti. Kisha baiskeli ikapinda, na mgongo wa Kaimu Mratibu wa Mwangaza wa Nyuma ukapita mbele ya meza kuu ukiwaka nyekundu, juu ya kipande cha kanga chenye maua ya njano.

Kisha Bi Sijaona akacheka. Alianza kwa mabega, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio, akashindwa, akapiga kigelegele. Wanawake wote wakamjibu.

"Mwanangu Nurdini," aliita akifuta machozi, "hicho chuma usikikate. Kimemkaa kuliko mimi!"

Na Nurdini, aliyekuwa hajaitwa mwanangu kwa wiki tatu, nusura aangushe baiskeli, mzigo na yote.

Mgeni rasmi alidhani ni maonyesho. Alisimama, akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Nimeona viongozi wengi wanaowaagiza wananchi kubeba. Leo nimeona kiongozi aliyebebwa kwa mujibu wa waraka. Natamka hapa hapa: kuanzia leo, huyu si Kaimu Mratibu tena!"

Uwanja ukalipuka. Ladislaus alilia. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola, na kwa kuwa mikanda ilimbana mabega, hakuweza kuyafuta.

Barua zilikuja baada ya wiki mbili. Ya kwanza ilimthibitisha Mratibu kamili wa Mwangaza wa Nyuma, kwa uthabiti uliotukuka kizuizini: Getrude. Siku yake ya kwanza ofisini alisaini balbu mbili. Ya pili ilimteua Nurdini kuwa Dereva wa Maonyesho. Ya tatu ilikuwa ya Ladislaus. Iliagiza kwamba, ili wilaya nyingine zijifunze, azungushwe mkoa mzima kila siku ya soko akiwa amefungiwa kifaa kile kile, kwa cheo cha Kaimu Mzigo wa Mfano, hadi hapo mzigo kamili utakapothibitishwa.

Aliisoma mara mbili. Kisha akauliza kama kuna fomu ya kukata rufaa, akaambiwa ipo, ila husainiwa na Mzigo.

Muhula uliofuata mwalimu wa Stella aliuliza tena wazazi wanafanya kazi gani. Stella alisimama, akanyoosha sketi yake, akajibu, "Baba anabebwa."

Mwalimu akamwekea vema.