Nilivyomchoma Kisu Mwalimu Bura

Wenzangu, leo nimeaibika mchana kweupe. Tena mbele ya shule nzima!

Wiki iliyopita wavulana wawili wa darasa la saba walitoleana visu kwa sababu ya mpira. Mmoja ameshonwa mkono. Mwalimu mkuu akasema hotuba peke yake haitoshi, watoto waone kwa macho. Sisi walimu tuwachezee igizo: mimi nimchome kisu Mwalimu Bura, yeye afe, halafu mwalimu mkuu aeleze. (Kwa nini mimi ndiye muuaji? Eti nina sura inayofaa.)

Kisu nikakichonga cha mbao, nikakizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Bura akaficha nyanya zilizopondwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya shati.

Asubuhi watoto wakakaa uwanjani. Tukagombana. Nikachoma! Mfuko ukapasuka, shati likawa jekundu, Bura akaanguka akitupa miguu kama mbuzi. (Alizidisha.) Watoto wa mbele wakaruka nyuma. Nikajiona fundi kweli.

Sasa, wakati huohuo bibi yake Paskali wa darasa la pili alikuwa anaingia na mahindi ya chakula cha shule. Habari za igizo hana. Akaona maiti. Akaniona mimi, kisu mkononi. Akatupa mzigo, akapiga yowe lililofika mpaka kwenye shamba la ngano la serikali, ng'ambo ya barabara. Akaja na fimbo.

Nilichanganyikiwa. Mdomo ukasema ulichozoea kuwaambia wazee:

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, muuaji!"

Fimbo ikatua makalioni. Ya pili. Ya tatu. Nikatimua mbio, nikavuka barabara, nikazama kwenye ngano, bibi nyuma yangu. Dereva wa kombaini iliyokuwa ikivuna akazima injini, akaruka chini na wenzake, wakanidaka.

"Ni igizo!" nikalia. "Kisu cha mbao!"

"Utaeleza mbele," akasema dereva.

Wakanirudisha uwanjani, mikono imefungwa kwa kamba. Bura bado amekufa! Mwalimu mkuu alimwagiza asiamke mpaka hotuba iishe, naye ni mtiifu. Ila tumbo lilikuwa linatikisika. Anacheka, mshenzi yule! Bibi akainama, akagusa ile damu, akainusa.

"Hizi si nyanya?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibi akanifungua kamba mwenyewe.

"Pole, mwanangu. Ila fimbo zilizokwisha kuingia siwezi kuzitoa."

Mwalimu mkuu akauliza watoto wamejifunza nini. Binti mmoja akasimama: "Ukimchoma mtu kisu, hata ukikimbilia kwenye ngano utakamatwa."

Mchana wale wavulana wawili wameleta visu vyao ofisini, hakuna aliyewaita. Mwalimu mkuu ana furaha tele, kanipa mkono, kanikaribisha kiti.

Nimekikataa. Na nyie msicheke, barua hii naiandika nimesimama.